Onyo Nililoligeuza

Munuki, Juba
Alhamisi, saa nane mchana

Mwanangu Keji,

Barua za zamani zilianza hivi: mimi ni mzima, hofu ni juu yako. Mimi leo naanza kinyume chake. Wewe huna neno. Umekwenda Rejaf kumuaga bibi yako, na jioni utarudi na samaki wakavu ambao kesho basi zima litakulaani kwa ajili yao. Hofu ni juu yangu.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala chandarua, wala wanaume wa mpakani Nimule wanaojifanya wanakusaidia kubeba begi. Mama yako amesema hayo wiki nzima, mpaka kuku wa jirani wanaijua njia ya chuo chako, Gulu. Mimi nina jambo moja tu. Tangu siku ile alipokufa kaka yako Ema, wewe ukiwa na miaka tisa, umebeba mzigo ambao si wako. Ni wangu. Nilikutwika mwenyewe mbele ya watu, kisha nikakaa miaka kumi nakutazama ukiubeba, nakula chakula unachopika. Leo nataka kuushusha.

Nilifikiri kuichomeka barua hii katikati ya nguo zako uisome ukishavuka mpaka. Nikaona hapana, huko ni kukimbia mara ya pili. Nitakupa mkononi. Utaisoma chumbani kwako na mimi nitakuwa nje kwenye benchi, usipotaka kutoka usitoke.

Nivumilie nikizunguka kidogo. Unajua kazi niliyoifanya, na mtu wa kazi ile hajui kusema kitu bila kukitengenezea njia.

Kazi yenyewe nilijifunza Uganda, miaka ya ukimbizi. Vijei anakaa pembeni ya televisheni na maikrofoni yake. Picha inasema Kiingereza au Kichina, yeye anaigeuza papo hapo iwe lugha ya watu waliokaa mbele yake. Pale asipoelewa anatunga, na nikuambie ukweli, tulitunga sana. Kuna filamu moja niliigeuza mwaka mzima bila kujua yule mwanamke mwenye kofia ni mke au ni dada. Watu walilia vilevile.

Tuliporudi Juba nikafungua kibanda hapa Munuki, nyuma ya stendi ya boda boda. Unakikumbuka: mabati, mabenchi saba, pazia jeusi mlangoni, jenereta nje inakohoa. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kiswahili kwa sababu mama yako ni wa Arua, Uganda, na mimi ni Mkuku, kabila la upande huu wa mpaka, tulikutana katikati. Kibandani nilichanganya Kiswahili na Kiarabu cha Juba, kila mtu akapata chake. Mpira ulileta watu, filamu zilileta watu, lakini kilichojaza kibanda mpaka wengine wakakaa juu ya mitungi ya maji ni mieleka ya Jumamosi mchana.

Na waliokijaza hawakuwa watoto. Walikuwa wanaume wazima, waendesha boda, wapagazi wa sokoni, na wanajeshi waliostaafu au waliostaafishwa. Mbele yao wote alikuwa Sajini, yule mwenye mguu usiokunjika, rafiki yangu. Wewe ulikuwa unamwogopa, kumbe yeye ndiye alikuwa anakuwekea pipi kwenye kiti.

Wanaume hawa waliipenda mieleka tangu ile ya zamani, ya kwenye mikanda ya video, ambamo watu walipasuana mapaji ya uso kwa viti na kupigana huku damu inawaingia machoni. Halafu huko kwao wenye mieleka wakaamua kipindi kiwe cha baba, mama na watoto. Damu ikaondolewa. Mpiganaji akichanika kwa bahati mbaya, daktari anapanda na glovu kumfuta uso kama mtoto aliyemaliza uji, na picha ikirudiwa inarudiwa bila rangi ili nyekundu isionekane. Matusi yakaisha. Wale majitu wakaanza kuvaa fulana za rangi ya peremende na kuwakumbatia watoto wagonjwa kabla ya pambano.

Kibanda kilinuna. "Mimi iko natoka kazini na jasho hii yote," alisema mwendesha boda mmoja, "nakuja kuona watu wanakumbatiana? Mke wangu ananikumbatia bure." Walisema wameuziwa maziwa badala ya pombe, walisema kipindi kimeolewa. Na mimi nilinuna pamoja nao, sitajificha nyuma ya wateja. Nilikuwa shabiki kabla sijawa vijei. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na nilikasirika kabisa, moyoni, kwa sababu watu fulani ng'ambo ya bahari wamekataa kuniletea damu Jumamosi.

Siku moja nilimuuliza Sajini: wewe umetoka vitani, damu yenyewe hujashiba? Akasema, "Ile ya kweli haina muziki. Na ile ya kweli, mtu haamki. Hii, mtu anapigwa, anatoka damu, unasema huyu basi, amekwisha. Halafu anaamka. Mimi nakuja kuona anaamka. Sasa kama hajatoka damu, ameamka kutoka wapi?" Nakuambia ili usije ukafikiri walikuwa wanaume wabaya. Walikuwa wamechoka, na mimi ndiye niliyeshika maikrofoni.

Sasa, kwa kuwa kipindi kilikuwa cha familia, akina mama wa mtaani wakaona ni salama. Wakaanza kuleta watoto. Mama yako mwenyewe alisema ni afadhali mkae kwa baba yenu kuliko kuzurura barabarani kwenye malori ya maji. Kwa hiyo benchi la kwanza likawa la watoto, wewe na Ema katikati, na nyuma yenu wanaume. Kulikuwa na watu wa aina mbili, picha moja, na mdomo mmoja wa kuwagawia wote. Hapo ndipo kazi iliponishinda, Keji, na sikujua kwamba imenishinda kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

Maana mimi niliwarudishia wanaume damu yao kwa mdomo. Picha inaonyesha mtu ameshika mgongo, mimi nasema uti umekatika vipande vitatu, nimesikia ukilia. Picha inaonyesha mtu analala, nasema huyu mkewe ameshaanza kukata nguo nyeusi. Na kila aliyelala chini akirukiwa kutoka juu ya kamba nilipiga kelele, "Bingirika! Bingirika, utakufa hapo!" Na nyinyi benchi la mbele mlikuwa mnapiga kelele na mimi. Nilikuwa nasikia sauti yako ndani ya zote, ilikuwa kali, haina wasiwasi. Ulikuwa na sauti nzuri sana wakati ule.

Kabla ya mapambano kulikuwa na maandishi. Nadhani bado unayaona usingizini, kama mimi. Skrini inakuwa nyeusi, wanaonyesha watu wamebebwa kwenye machela, na maandishi meupe ya Kiingereza yanapita: haya yanafanywa na watu waliofundishwa, watu wanaumia kweli, tafadhali usijaribu nyumbani wala shuleni. Wanaume waliyajua kwa moyo. Nyinyi watoto hamkuwa mnasoma Kiingereza cha haraka namna ile, mlikuwa mnaningojea mimi. Na kila Jumamosi niliyageuza kama yalivyo, kwa sauti ya katekista, na kila Jumamosi mabenchi ya nyuma yalisonya.

Jumamosi yenyewe jenereta ilizima mara mbili kabla hatujaanza. Watu walikuwa wamekasirika. Mabenchi mawili yalikuwa wazi kwa sababu kulikuwa na vijei mwenzangu njia ya kwenda Amarat ambaye alikuwa anaonyesha mikanda ya zamani, yenye damu, na wateja walikuwa wanahamia kwake mmoja mmoja. Yale maandishi yakaja. Sajini akapaza sauti kutoka nyuma, "Vijei, ruka hapo, sisi si chekechea."

Nikashika maikrofoni. Nikasema hivi, na nakuandikia neno kwa neno kwa sababu wewe ndiye uliyelihifadhi na mimi ndiye niliyekunyang'anya: "Imeandikwa, mambo haya yafanywe nyumbani, kila Jumapili, baada ya kanisa. Anayeogopa avae sketi ya mama yake."

Kibanda kililipuka. Walicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye mtungi. Sajini alikuwa anapiga fimbo yake kwenye bati. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata, na kilikuwa kitamu, Keji, sitadanganya, kilinishuka kama maji baridi. Walicheka kwa sababu walijua kilichoandikwa. Nyinyi hamkujua. Nilimwona Ema akigeuka kunitazama usoni, kuhakikisha. Nilikuwa nacheka na wanaume. Akakugeukia wewe akakunong'oneza kitu. Nilikuona ukitikisa kichwa kukubali. Yote hayo niliyaona, na maikrofoni ilikuwa bado mkononi. Ningesema "natania, watoto, msifanye," maneno matatu, ningekuwa nimemaliza. Lakini neno lile lingekata kicheko. Nikaendelea na pambano la kwanza.

Jumapili tulikwenda kanisani wote wanne. Tuliporudi mimi nilipitia kibandani kuitengeneza jenereta. Mama yako aliweka maharage jikoni. Nyinyi mkachukua godoro la Ema mkalitandika nyuma ya nyumba, karibu na yale matofali ya saruji niliyokuwa nimeyapanga kwa ajili ya chumba cha tatu.

Wewe ulilala, Ema akapanda juu ya matofali. Aliporuka ulibingirika.

Keji, najua unajilaumu kwa kubingirika. Nimekusikia ukiwa na homa, una miaka kumi na mbili, ukisema ningekaa, ningekaa palepale. Nilikuwa naweka kitambaa cha maji kwenye paji la uso wako na nikasikia kila neno, nikanyamaza. Sasa sikiliza. Ulibingirika kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Kila Jumamosi sauti ya baba yako ilikuwa inakuambia ubingirike la sivyo utakufa. Ulikuwa na miaka tisa na ukatii. Aliyemwambia kaka yako apande ni mimi, na aliyekuambia wewe uondoke ni mimi. Mimi nilikuwa kwenye ua ule kabla yenu nyote wawili.

Na baada ya hapo ukahesabu. Alikuwa ameangukia shingo, haamki, wewe ukafikiri anacheza. Mama yako alipotoka kutafuta kuni alikukuta umepiga magoti, unapiga kiganja chini kama mwamuzi, unahesabu. Ulikuwa umepita mia moja. Alisema ulikuwa hupumziki, kila ukipiga unamtazama Ema usoni.

Siku ya tatu ya kilio wajomba zako walifika kutoka Arua. Unajua desturi ya upande wa mama yako, mtoto akifa, wajomba hawaondoki mpaka waambiwe mtoto wao amekufaje, na anayewaambia ni baba, mbele ya watu wote. Wakiridhika, wanakula. Wasiporidhika hawagusi chakula, na wakati mwingine wanainuka wakaondoka na dada yao. Nilisema watoto walikuwa wanacheza, akaanguka kutoka kwenye matofali. Mjomba wako Adriko hakuwa mtu wa kelele. Akakuita wewe. Akakuuliza, mama, nani aliwaambia mcheze mchezo ule?

Ulisimama ndani ya gauni la kanisa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukubadilisha. Ukasema, na sauti yako ilifika mpaka kwa wanawake waliokuwa jikoni: "Baba alisoma kwenye televisheni. Alisema imeandikwa tufanye nyumbani siku ya Jumapili."

Adriko akanigeukia. "Shemeji, ni kweli?"

Nimeishi miaka hamsini na mbili. Nimekimbia risasi mara mbili, nimevuka mto na mama yangu mgongoni. Sijawahi kuogopa kama pale. Niliona mama yako ananitazama. Nikasema, "Sijawahi kutamka neno kama hilo. Mtoto amechanganyikiwa."

Ukasema tena, "Baba, ulisema. Watu walicheka."

Nikasema, "Keji, usiseme uongo kwenye kilio cha kaka yako."

Mama yako akakupiga kofi. Alikupiga kwa sababu aliniamini. Na chini ya turubai la kilio, ukutani, walikaa wanaume kumi na zaidi wa kibanda changu, waliosikia kwa masikio yao na kucheka kwa vinywa vyao. Hakuna aliyeinua kichwa. Sajini alikuwa anatazama chai yake. Chakula kikaletwa, na wajomba zako wakanawa mikono wakala.

Wewe hukula. Ulikaa kwenye kizingiti ukishika shavu, na nilikuona ukinitazama, si kwa hasira. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Palepale ulikuwa umeanza kujiuliza kama kweli ulisikia.

Baada ya miezi michache ukawa hujiulizi tena. Ukaanza yale maneno yako, "labda nimekosea." Mvua inanyesha, baba, labda nimekosea. Mwalimu amesema kesho hakuna shule, labda nimekosea. Majirani walikucheka, wakasema mtoto huyu akiulizwa jina lake atajibu Keji, nadhani. Na mimi nilicheka nao.

Nilifungua kibanda tena baada ya wiki tatu. Watoto nikawapiga marufuku, watu wakasema ni uchungu. Jumamosi ya kwanza maandishi yale yakaja na mimi sikuweza kusema kitu. Yakapita kimya. Hakuna aliyesonya. Mmoja akavua kofia, wengine wakafuata. Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila Jumamosi, miaka yote mpaka kibanda kilipofungwa, wanaume wazima wanavua kofia mbele ya onyo la kwenye televisheni, vijei wao amekaa na maikrofoni imezimwa. Mgeni angefikiri ni dini. Tulikuwa watu walioshirikiana kumfanya mtoto mwongo, na ile ilikuwa njia yetu ya kujisamehe bila kukulipa wewe chochote.

Na ajabu, hakuna aliyetaka damu tena. Wakawa wanapenda wale wa fulana za peremende, wale wanaokumbatia watoto. Niliwasikia wakipiga makofi mtoto mgonjwa alipobebwa mabegani. Sajini aliniambia, "Bora hii."

Mimi bado nasikia kuhesabu. Si kwa masikio ya kichaa, usiogope. Ni mchana, mvua inaanza juu ya bati, yale matone makubwa ya kwanza yanayokuja moja moja, na kabla sijajizuia nimeshaanza kungoja yafike mia. Nyuma ya nyumba sipiti. Umeshangaa miaka yote hii kwa nini nazunguka kwa jirani kwenda chooni, mama yako anasema ni uvivu wa kufungua lile geti bovu. Yale matofali bado yapo, yameota majani, chumba cha tatu hakikujengwa. Wakati mwingine asubuhi nikifungua dirisha namwona amesimama juu yake, amevaa lile shati la kanisa, ananitazama kama alivyonitazama kibandani, kuhakikisha. Hanilaumu. Anangoja nimwambie kama ni mzaha.

Jumanne Sajini alikuja. Wewe ulimpa kiti na maji, ukaondoka kwenda kuchukua picha zako za chuo. Alikunywa maji yote kwanza.

"Mtoto anasafiri?"

"Ijumaa hii. Anakwenda kusoma mambo ya maabara."

"Na ile maneno?"

Nikasema maneno gani. Akanitazama mpaka nikaona aibu.

"Mimi nilicheka siku ile," akasema. "Kicheko yangu mimi iko nasikia mpaka leo. Na siku ya bika, ile ya kilio, pale kwenye turubai, nilikaa kimya kwa sababu wewe ni rafiki yangu. Sasa mimi ni mzee. Huyu mtoto ataweka jicho kwenye mashine, ataambiwa sema umeona nini. Atasema nini? Atasema labda nimekosea. Na mtu atakufa. Wewe unamwacha aende hivyo?"

Aliinuka kwa shida kwa sababu ya mguu, akaenda. Sijalala vizuri tangu hapo, lakini hiyo si habari, sijalala vizuri tangu zamani.

Kwa hiyo nakuambia. Ulisikia sawasawa. Ulisema kweli mara mbili mbele ya watu wazima, ukiwa na miaka tisa, kaka yako amelala kaburini siku mbili, na kila mtu mzima pale alikuwa mwongo isipokuwa wewe. Macho yako ni mazima na masikio yako ni mazima. Kule maabara ukiona mdudu kwenye kioo, sema umemwona. Mkubwa wako akikataa, mwambie arudi atazame. Akikupigia kelele, sema tena.

Na kama kuna kitu kingine nilichojifunza, ni hiki, nacho nilikipata kwa bei ambayo sitaki umwone mtu yeyote akiilipa. Ukijikuta unazungumza mbele ya watu wa aina mbili, wakubwa wanaojua na wadogo wasiojua, zungumza na yule mdogo kabisa. Wakubwa watanuna. Wacha wanune. Nilikuwa nadhani mtu mzima akinyimwa kitu chake kwa ajili ya mtoto amedharauliwa. Wale watu wa mieleka, kwa sababu zao, labda za biashara tu, walikuwa wameona kwamba kuna mtoto amekaa benchi la mbele. Mimi niliyemzaa sikumwona.

Sikuombi unisamehe. Ulimi hauna mfupa, ningeweza kukuomba vizuri sana, ningekutoa machozi, ndiyo kazi yangu. Ndiyo maana siombi.

Leo asubuhi ulipoondoka tu nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja nguo zako. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia, kicheko, Ema kugeuka, Adriko, uongo. Hakulia na hakunitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliuliza kitu kimoja tu: "Nilimpiga shavu gani?" Nikamwambia la kushoto. Akaliweka gauni lako mapajani. Kisha akachukua simu akampigia kaka yake Arua, akaongea naye kwa lugha yao, nikasikia jina lako na jina la Ema. Akanipa simu. Adriko akasema, "Nitakuwa Gulu kumpokea mtoto mwenyewe. Nataka kumwomba radhi, kwa sababu nilikula chakula kile. Wewe na mimi, siku yetu itafika." Nikasema ndiyo, shemeji. Akasema nisimwite hivyo.

Halafu mama yako akaendelea kukunja nguo. Nilidhani ni zako. Nilipotoka kuja kuandika hapa nikaona ameshusha lile begi jeusi la juu ya kabati, tulilorudi nalo kutoka Uganda.

Ukiingia jioni utakuta mabegi mawili karibu na mlango. Jeusi ni la mama yako. Amekwenda kituoni saa sita akakata kiti cha pembeni yako. Usimuulize maswali leo, hajui aanzie wapi, na safari ya kesho ni ndefu, ataanza mwenyewe mahali fulani njiani. Hajaniambia kama ni safari ya wiki moja au ni ya kuhama. Sikumuuliza. Mnaondoka saa kumi na moja alfajiri, na mimi nitawabebea mabegi mpaka barabarani, kama mtaniruhusu.

Baba yako